Warukaji wanaofanana: doa lipi linaamua, lipi linapoteza

Kuna vipepeo ambao ukiwaona tu unawataja jina. Warukaji hawamo. Ni wale wadogo wanene, kichwa kipana, vipapasio vilivyoachana na ncha zake mara nyingi zimepinda kama ndoana, wanaochomoka kwenye ua kama kokoto la manati na kutua hatua tatu mbele kabla jicho halijawafikia. Familia yao ni Hesperiidae, yenye spishi zaidi ya 3,500 duniani. Wengi ni wa kahawia au rangi ya chungwa, na madoa yao yamepangwa kwa mtindo mmoja, hata ukimwona mmoja unadhani umeshawaona kumi.

Kwa muda mrefu kosa langu lilikuwa kumtafuta kitabuni kipepeo anayefanana na picha niliyopiga. Wote wanafanana nayo. Siku hizi naanzia upande mwingine: huyu huchanganywa na nani, na ni alama ipi ambayo mmoja anayo na mwenzake hana? Nikishaijua, naitazama hiyo kwanza, na mapambo mengine yote ya bawa yanasubiri. Kwa hiyo hapa nimewapanga kwa ugomvi wao, wawili wawili au watatu watatu, kutoka Afrika, Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Tukubaliane kwanza pa kutazama. Mrukaji akifunga mabawa, anachokuonyesha ni upande wa chini wa bawa la nyuma, na kwa makundi mengi hapo ndipo penye habari nzito. Upande wa juu unapendeza kwenye picha, lakini warukaji wa nyasi wana mkao wa ajabu: mabawa ya nyuma wameyalaza, ya mbele wameyainua nusu, kama ndege ya karatasi iliyokunjwa vibaya. Kivuli cha bawa moja huangukia lingine, na mara nyingi huangukia palepale unapotaka kuona.

Maaskari: hesabu nyota

Nianze na walio rahisi. Afrika, kusini ya Sahara, kuna jenasi Coeliades, warukaji wakubwa kuliko ndugu zao wengi, wanaoruka zaidi alfajiri na jioni, na kwa kupumzika hupenda kujificha chini ya majani, mabawa yamefungwa. Waliowapa majina ya Kiingereza waliwaita polisi, wakaupeleka mzaha huo mpaka kwenye vyeo: yupo wa nyota moja na yupo wa nyota mbili. Nyota zenyewe ni madoa meusi juu ya mkanda mweupe, chini ya bawa la nyuma. Ukiwahi kutazama bega la afande kabla ya kuamua utamwitaje, basi kazi hii unaijua tayari.

Mkanda mweupe safi, mpana, usio na doa jeusi ndani yake: huyo ni Coeliades forestan. Mkanda mweupe wenye doa moja jeusi: Coeliades anchises. Madoa mawili, na mara nyingine matatu: Coeliades pisistratus. Huyu wa mwisho ndiye anayewatatiza watu, kwa sababu jina lake linasema mbili na bawa linasema tatu. Usihangaike. Swali ni kama kuna zaidi ya moja. Na ikiwa mkanda mweupe haupo kabisa, umetoka kwa hawa watatu na umeingia kwa wengine wa jenasi hiyohiyo, kama Coeliades libeon, ambaye bawa lake ni tupu.

Kuna mtego mmoja. Kipepeo aliyening'inia chini ya jani mwanga humfikia vipandevipande, na tundu la jani lililo juu yake linaweza kuchora doa ambalo halipo. Pia bawa lililomeguliwa na ndege linaonyesha giza la nyuma yake, nalo likafanana na doa. Doa la kweli lina pacha kwenye bawa la upande wa pili. Ukipata nafasi ya kuzunguka, zunguka, lakini polepole, hawa hawasubiri.

Ncha ya wino: Thymelicus sylvestris na Thymelicus lineola

Hapa ndipo palipo na utamu, na ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi. Wote wawili ni wa Ulaya, wote wa rangi ya chungwa iliyoiva, wote wana ukingo mwembamba mweusi, na mabawa yao hayana doa hata moja la kushika. Upana wao, mabawa yakiwa wazi, ni karibu sentimita tatu. Wanaruka majira yaleyale ya kiangazi, kwenye majani marefu yaleyale, na unaweza kuwakuta wote wawili kwenye ua moja la mbaruti. Uingereza waliwahesabu kuwa kitu kimoja hadi mwishoni mwa karne ya 19, ilhali lineola alikuwa ameshapewa jina la kisayansi Ulaya bara tangu 1808. Yaani wataalamu wenye nyavu, lenzi na makabati ya vielelezo walimpita kwa miaka mingi wakimwita ndugu yake.

Alama inayoamua haiko kwenye bawa. Iko kwenye kipapasio, upande wa chini wa kile kirungu cha mwisho. Kwa lineola, ncha ni nyeusi, tena nyeusi iliyokolea yenye mpaka mkali, kama kwamba mtu amechovya kijiti kwenye wino akakitoa. Kwa sylvestris, upande huo ni wa rangi ya chungwa au kahawia nyekundu. Tatizo ni neno "chini". Ukitazama kutoka juu, ncha za wote wawili zinaweza kuonekana nyeusi, na hapo ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Lazima umtazame uso kwa uso, wewe ukiwa chini kidogo kuliko yeye. Mara ya kwanza nilipojaribu nilirudi na picha 40 nzuri sana za ubavu, na hata moja ya uso sikuwa nayo. Siku iliyofuata nililala kifudifudi kwenye nyasi, simu nimeishika mbele ya pua yangu, nikimsubiri anywe na kugeuka. Aligeuka mara moja tu, ikatosha: vijiti viwili vya rangi ya chungwa mpaka kwenye ncha. Sylvestris.

Kwa madume kuna shahidi wa pili, na huyu yuko kwenye bawa. Ni chapa ya dume, mstari mweusi juu ya bawa la mbele, uliofanyika kwa magamba ya pekee yanayotoa harufu ya kumvuta jike. Kwa sylvestris mstari huo ni mrefu, umepinda kidogo, unakwenda mshazari kana kwamba unataka kulikata bawa. Kwa lineola ni mfupi, mwembamba, umenyooka, na unakwenda sambamba na ukingo wa mbele wa bawa. Ukiwaweka pamoja tofauti ni wazi. Ukimwona mmoja peke yake, neno "mrefu" halina maana. Mrefu kuliko nani? Ndiyo maana mimi naangalia mwelekeo kabla ya urefu. Jiulize kama mstari unafuata ukingo au unaukimbia.

Majike hawana chapa. Kwao ni kipapasio tu, na jike asiyekuonyesha uso anabaki Thymelicus bila jina la pili. Hakuna aibu.

Ila ukiwa Amerika ya Kaskazini, ugomvi wote huu haupo. Lineola yupo huko, sylvestris hayupo. Aliingia mwanzoni mwa karne ya 20 kupitia mji wa London katika jimbo la Ontario, Kanada, na akaenea. Ameweza kusafiri kwa sababu hupitisha majira ya baridi akiwa yai lililobandikwa kwenye bua la nyasi, na bua au mbegu chafu za malisho zikisafirishwa, naye husafiri. Sylvestris hutoka kwenye yai kabla ya baridi na kulala akiwa kiwavi mdogo. Kwa hiyo kabla hujapiga magoti, uliza uko bara gani. Nusu ya maswali ya warukaji hujibiwa na ramani.

Kwa haraka tu: wa tatu wa jenasi hii, Thymelicus acteon, asikuchanganye. Jike ana nusu duara ya alama za dhahabu kwenye bawa la mbele, zimetawanyika kama miale ya jua linalochomoza. Ukiiona mara moja hutauliza tena.

Fedha au siagi: Hesperia comma na Ochlodes sylvanus

Hawa nao ni wa chungwa na wa Ulaya, lakini ni wakubwa kidogo na wana mabaka. Upande wa juu watu hubishana bure. Mgeuze, au subiri ajigeuze. Hesperia comma ana chini ya bawa la nyuma yenye ukijani wa zeituni, na juu yake madoa meupe ya fedha yenye kingo safi, yaking'aa kama vipande vya bati. Ochlodes sylvanus ana madoa pia, lakini ni ya manjano hafifu, kingo zake zimeyeyuka, kama siagi iliyoanza kulainika kwenye mkate. Hayang'ai. Hilo ndilo la kushika.

Madume wote wawili wana chapa nene nyeusi juu ya bawa la mbele. Ya comma ina uzi wa fedha uliopita katikati, na kwenye picha nzuri unaonekana. Kalenda nayo inasaidia: sylvanus huanza mapema kiangazi, comma huchelewa, na Agosti ndio mwezi wake. Mahali pia. Comma anapenda miteremko yenye nyasi fupi zilizoliwa na mifugo, udongo unaonekana, jua linapiga. Sylvanus anakaa popote penye nyasi ndefu na vichaka vya kukalia.

Onyo moja kuhusu kamera. Jua la saa sita huchoma rangi nyeupe mpaka kila doa hafifu linaonekana fedha. Nimewahi kumtangaza comma kwa furaha, kisha nikapunguza mwanga wa picha na siagi ikajitokeza. Punguza mwanga kwanza, tangaza baadaye.

Wachawi watatu

Mashariki mwa Amerika ya Kaskazini kuna watatu ambao wapenzi wa vipepeo huwaita wachawi. Mzaha ni wa Kiingereza, ambamo neno la mchawi na neno la kuuliza "yupi" husikika karibu sawa, na swali lenyewe ndilo hilo: yupi ni yupi? Wote ni wadogo, wote kahawia ya giza, wote wanaruka kiangazi, na mara nyingi wanatembelea maua yaleyale. Majina yao yanahamahama pia. Vernia verna aliitwa Pompeius verna miaka ya karibuni tu, na Wallengrenia egeremet utamkuta kwenye orodha mpya akiitwa Polites. Kwa hiyo jina la pili ndilo la kushikilia.

| | verna | egeremet | Euphyes vestris |
|---|---|---|---|
| Jike, bawa la mbele juu | doa kubwa la pembe nne linalopitisha mwanga | doa refu la rangi ya krimu | madoa mawili madogo, hafifu |
| Dume, chapa | nyeusi, na doa la kioo karibu yake | imekatika vipande viwili | nyeusi, haionekani vizuri kwa giza la bawa |
| Bawa la nyuma chini | giza, safu ya madoa madogo hafifu | mkanda wa kupauka uliojikunja kama tarakimu 3 | kahawia tupu au karibu tupu |
| Kipapasio | baka jeupe chini kidogo ya kirungu | hakuna baka la wazi | hakuna baka la wazi |

Jedwali linasaidia lakini halisemi lipi lina uzito. Mimi ningeanza na bawa la nyuma. Tarakimu 3 ikionekana, kazi imekwisha, ni egeremet. Isipoonekana, naenda kwenye doa la bawa la mbele, na hapo kuna jaribio dogo ninalolipenda. Doa la verna halina magamba ya rangi, ni dirisha. Kipepeo akikaa juu ya jani la kijani, doa hilo linakuwa la kijani. Akihamia ua la zambarau, linakuwa la zambarau. Doa la krimu la egeremet linabaki krimu popote atakapokaa, maana lina magamba yake. Ukiwa na picha mbili za kipepeo mmoja juu ya vitu viwili vya rangi tofauti, ziweke kando kwa kando na utazame dirisha.

Baka jeupe chini ya kirungu cha kipapasio ni shahidi mzuri wa verna, hasa kwa dume ambaye dirisha lake ni dogo. Naye vestris hutambulika zaidi kwa alichokosa. Hana tatu, hana dirisha, hana chochote. Dume mara nyingine ana kichwa chenye wekundu wa dhahabu, basi. Hapa ndipo ninaposita. Kukosa alama ni ushahidi dhaifu, kwa sababu kila mrukaji akizeeka hukosa alama. Magamba hupukutika kwa kupita kwenye nyasi, na egeremet wa wiki tatu anaweza kuwa tupu kama vestris. Kwa hiyo kabla ya kusema vestris, tazama nywele za ukingo wa bawa. Zikiwa kamili na bawa ni tupu, huo utupu ni wake wa kuzaliwa. Zikiwa zimekatika na bawa lina uwazi wa kuchakaa, mwache bila jina.

Kalenda ikiwa shahidi: Erynnis juvenalis na Erynnis horatius

Hawa pia ni wa mashariki mwa Marekani, lakini hawakunji mabawa kama warukaji wa nyasi. Huyalaza wazi kabisa, kahawia na kijivu kama gome la mti. Viwavi wao wote hula mialoni, kwa hiyo mti hautakusaidia. Alama ya kutazama ni upande wa chini wa bawa la nyuma, karibu na pembe ya mbele: juvenalis ana madoa mawili madogo ya kupauka hapo, horatius kwa kawaida hana. Ugumu ni kwamba kipepeo anayelaza mabawa wazi hakuonyeshi upande wa chini mpaka aamue mwenyewe. Kwa dume kuna msaada wa juu: juvenalis ana nywele nyeupe zilizotawanyika kwenye bawa la mbele, zinazomfanya aonekane amenyunyiziwa majivu, horatius ni kahawia zaidi.

Lakini mara nyingi tarehe inatosha. Huko mashariki juvenalis ana kizazi kimoja tu kwa mwaka, cha masika. Horatius ana viwili au zaidi. Ukikuta mmoja wao Agosti, ni horatius. Ukikuta mwezi Mei, rudi kwenye madoa mawili. Kanuni hii usiipeleke Arizona, kwani huko juvenalis wa kusini-magharibi huruka tena baadaye katika mwaka uleule, akiwa na nywele nyeupe kwenye ukingo wa bawa la nyuma.

Pale bawa linaponyamaza

Wapo ambao hata ukimpata akiwa mpya, ametulia, mwanga mzuri, pande zote mbili umepiga, bado huwezi. Kule Marekani Burnsius communis na Burnsius albescens, wale wa madoadoa meusi na meupe kama ubao wa drafti, hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini. Ulaya ni vivyo hivyo kwa Pyrgus malvae na Pyrgus malvoides. Huko ramani inasaidia kiasi, maana malvoides anachukua nafasi ya mwenzake kusini-magharibi. Afrika, jenasi Spialia imejaa wadogo weusi wenye madoa meupe ambao hata wazoefu huwakata na kuwaangalia ndani. Nikimwona mtu ametoa jina kamili la hawa kwa picha moja ya juu, iliyopigwa kwa mbali, naamini amebahatisha.

Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Kosta Rika. Astraptes fulgerator, mrukaji mweusi mwenye mng'ao wa buluu unaovutia macho, alijulikana kwa zaidi ya karne mbili kama spishi moja iliyoenea Amerika ya kitropiki. Mwaka 2004 Paul Hebert, Daniel Janzen na wenzao walitumia DNA ya vielelezo kutoka hifadhi ya Guanacaste na kupendekeza kwamba pale peke yake kuna spishi 10. Idadi hiyo ilipingwa baadaye na wengine, lakini hoja ilibaki: mabawa ya wakubwa karibu yanafanana kabisa, ilhali viwavi wana rangi na milia tofauti, na hula mimea tofauti. Aliyekuwa amefuga viwavi alishaona tofauti ambayo mwenye wavu wa vipepeo hangeiona hata akitazama mabawa mwaka mzima.

Kwa hawa naandika jina la jenasi na nukta, nachukua picha ya mmea aliokuwa akitagia mayai kama nimeuona, na naondoka. Yule askari wa chini ya jani bado yupo, na nyota zake sijazihesabu.